Simu ya Chini ya Maji

Tangu amwoe Virginie, Katongo hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Haikuwa chuki. Kwao na kwa kina Virginie, hiyo ndiyo heshima: mama mkwe akitokea mbele, mkwe anavuka barabara, akiwa sebuleni, mkwe anakaa uani. Mama Marceline aliuza vitenge mjini Lubumbashi, na sauti yake ilijulikana sokoni kote, lakini Katongo aliifahamu kupitia ukuta tu. Mama alipokuja kuwatembelea nyumbani, mtaa wa Makomeno, Katongo alitoka kwa mlango wa jikoni, na salamu zao zilipitia kwa Virginie.

Kazi ya Katongo ilikuwa kupiga mbizi. Alizama kwenye mabwawa na chini ya madaraja, akajenga kwa zege, yaani beto kwa lugha ya kwao, mahali ambapo maji hayawezi kuondolewa. Mwezi wa sita, baridi ya Katanga ilipokuwa inauma, alikuwa kwenye bwawa dogo la umeme mbali na mji. Mkondo ulikuwa umechimba shimo chini ya ukuta, na shimo hilo lilitakiwa kujazwa kabla halijawa kubwa zaidi.

Ukimwaga zege majini ovyo, maji yanaosha saruji yote, unabaki na changarawe. Ndiyo maana linashushwa ndani ya bomba refu la chuma, ambalo wao waliliita tiyo, na mdomo wa tiyo lazima ubaki umefukiwa ndani ya zege bichi. Zege jipya linatokea humo na kulisukuma juu lile la kwanza, nalo linapanda polepole likiyafukuza maji. Mdomo ukichomoka, maji yanaingia, na kazi ya siku nzima imekwisha. Katongo alikaa chini gizani kando ya tiyo, akipapasa kwa mkono, akiwaambia watu wa juu kwa simu ya waya: pandisha, ngoja, shusha. Juu, Guelor alishika mpira wa hewa, na msimamizi wao, Ruben, alishika simu.

Shimo lilikuwa limejaa nusu wakati lori la saruji lilipofika kutoka mjini. Mbele, karibu na dereva, alikuwa amekaa Mama Marceline, amejifunga blanketi mabegani. Alikuwa amejaribu kupiga simu tangu asubuhi, lakini pale bwawani hakukuwa na mtandao.

"Mukwe yangu iko wapi?" aliuliza.

Ruben alionyesha maji.

Kabla hajapata nafasi ya kueleza, mtu wa kwenye faneli, pale zege linapomiminwa, alipiga kelele: zege lilikuwa limekwama ndani ya tiyo. Ruben alitazama huku na huku. Guelor hakuweza kuachia mpira, na wengine wote walikuwa kwenye winchi na mashine.

"Mama, mukamate hii," alisema, akamtia simu mkononi. "Musikilize pumzi yake tu. Kama inabadirika, muniite." Akakimbia.

Mama Marceline aliweka simu sikioni. Alisikia pumzi nzito ikienda na kurudi.

"Ruben, iko nini?" sauti ya Katongo iliuliza. "Beto haishuke tena."

"Ni miye," alisema Mama Marceline. "Ruben alienda ku tiyo."

Pumzi ikakatika.

"Katongo! Pumua! Banasema nisikilize pumzi yako, sasa weye unaifunga?"

"Pardon, mama." Pumzi ilirudi, ya haraka. "Lakini haiko muzuri tuongee hivi, miye na ninyi."

"Uko unaniona?"

"Hapana, mama. Huku haionekane hata mukono yangu."

"Na miye sikuone. Niko naona maji tu. Basi, tunamukosea nani heshima?"

Katongo aliurudisha mkono kwenye tiyo. Kule chini kulikuwa na baridi na giza jeusi, na alitambua kwamba alifurahi kusikia mtu.

"Nilikuya juu ya Virginie," mama alisema. "Alizaa leo asubui. Mutoto mwanamuke. Beko bote muzuri."

"Rudilia, mama."

"Mutoto mwanamuke! Iko na kichwa ya kwenu, ile kubwa. Lakini muzuri."

Katongo alicheka, halafu kicheko kikamgeuka. Ndani ya kofia ya chuma mtu hawezi kujifuta machozi. Yalimteremka hadi mdomoni, akayaacha.

"Unalia?"

"Hapana, mama."

"Niko nasikia pumzi, baba."

Wakati huo vijana walikuwa wakiligonga tiyo kwa nyundo na kulivuta kwa winchi ili zege liachie. Katongo alisikia chuma kikitetemeka, kisha kikaruka juu ghafla kando ya bega lake. Aliingiza mkono kwenye zege bichi kutafuta mdomo wa tiyo. Ulikuwa bado umefukiwa, lakini kwa kina cha kiganja kimoja tu.

"Mama! Baambie basimame! Tiyo iko natoka!"

Mama Marceline hakuuliza tiyo ni nini. Aligeuka na kutoa ile sauti yake ya soko.

"Ruben! Simamisha! Mukwe yangu anasema tiyo iko natoka!"

Watu wa winchi waliganda kama walioshikwa na umeme.

"Sasa bashushe kidogo, mama. Polepole."

"Mushushe! Polepole! Nilisema polepole!"

Tiyo lilirudi ndani. Baada ya kitambo Katongo alihisi zege likisogea tena chini ya mkono wake, zito na laini, likipanda. Aliposema hivyo, mama alitangaza kwa wote, na wakashangilia. Ruben alikuja kuchukua simu.

"Acha," alisema Mama Marceline. "Tuko tunaongea."

Ruben alikaa karibu yake juu ya mfuko wa saruji, na mpaka shimo likajaa maagizo yote yalipitia mdomo wa mama. Zege lilipofika mahali pake, Katongo alivua glavu ya kulia ili ahisi vizuri, akaanza kulisawazisha kwa ubao.

"Sasa unafanya nini?"

"Nalainisha juu, mama. Ni kama kupangusa bukari na mwiko, lakini mu giza, na bukari haina moto."

Mama alicheka kusikia zege likifananishwa na ugali.

"Katongo. Hii kazi yako nilikuwa naichukia. Si juu ya kitu ingine. Kila mara unasafiri, nilikuwa nafikiri siku moja batamuletea mutoto yangu viatu yako tu."

Ubao ulisimama. "Sikujua, mama."

"Ungejua wapi? Hatuongeake."

"Miye nilifikiri munanichukia."

"Miye?" Mama Marceline aliondoa simu sikioni, akaitazama kama imemtukana, akairudisha. "Malizia bukari yako, upande juu, mutoto wa watu. Maji ni baridi."

Guelor alipoanza kumvuta Katongo juu, Mama Marceline alirudisha simu, akajitanda kitenge kichwani na kwenda upande wa pili wa lori, mgongo kwa maji. Katongo alitoka majini akiinamisha kichwa, akazungukia upande mwingine. Ilikuwa kama siku zote, ila Ruben aliwaona wote wawili wakitabasamu, kila mmoja akitazama upande wake.

Njiani, mama alikaa mbele na dereva. Katongo alikaa nyuma na Guelor katikati ya mipira ya hewa, upepo ukiwachoma. Hawakuwa wamefika mbali lori liliposimama. Blanketi lilitokea dirishani.

"Guelor, mupatie ule bwana," sauti ilisema. "Asigonjwe. Bantu banamungojea."

Makomeno, mama alishuka kwanza na kuzungukia jikoni ili Katongo apite mlango wa mbele, naye Guelor akatangulia kupiga hodi na kutoa habari za bwawani. Virginie alikuwa amerudishwa nyumbani, amelala kitandani na dada yake kando, mtoto kifuani. Kichwa kilikuwa kikubwa kweli. Katongo alipiga magoti kando ya kitanda.

"Guelor anasema muliongea na mama," Virginie alisema, macho yamemtoka. "Muliongea juu ya nini?"

"Ya bukari," alisema Katongo, akanyoosha mikono ampokee mwanawe.

"Virginie!" sauti ilitoka jikoni. "Muambie bwana yako anawe kwanza! Iko na beto ku makucha!"

Katongo alitazama vidole vyake. Ilikuwa kweli. Alimtazama mkewe, naye Virginie akauma shuka ili kicheko kisimwamshe mtoto. Basi akainuka kwenda kunawa, akikohoa kwa nguvu kila hatua, ili mama apate muda wa kutoka jikoni.