Bwana Jacktone wa Soy

Jumanne saa nne asubuhi, Nasambu, fundi wa mitambo wa kampuni moja ya mbolea, alimaliza kupanga mtandao. Zamani mkurugenzi, Bwana Jacktone, alikuwa akipigia kila tawi simu kivyake na kurudia maneno yale yale hadi sauti ikauke. Sasa angeongea mara moja tu, ofisini Eldoret, na mtambo ungetoa nakala kwa kila tawi lililojiunga. Soy walijiunga, Kiplombe pia. Kimumu walisema wana kazi, na sidhani walikosea.

Nasambu aliuliza kama afungue pia njia ya matawi kujibu.

"Ya nini?" alisema Bwana Jacktone. "Wasikize kwanza."

Dakika mbili baadaye Bwana Jacktone alitokea katika duka la Soy, kando ya mizani, na suti yake na kikohozi chake. Alikuwa Kiplombe pia, na bado alikuwa Eldoret kwenye kiti chake. Wanjohi, karani wa Soy, alimvutia stuli akamwekea chai. Kilichosumbua ni maziwa tu, maana hakuna aliyetarajia mgeni.

Hotuba ilipotulia, Wanjohi alimfungulia gunia la mbolea ya kampuni. Ndani mlikuwa na changarawe laini iliyopakwa rangi. Kisha akamwonyesha dirishani shamba la mamake, Mama Waiyego, chakula chao cha mwaka mzima. Mahindi yalikuwa yamefika magotini, yakageuka manjano, yakakataa kuendelea. Bwana Jacktone alilia. Alilia kweli, akaapa kwamba magunia yote yatarudishwa. Saa tano mawasiliano yalipokatwa naye akaisha, chai ikabaki nusu.

Jumatano lori lilileta magunia mengine ya aina hiyo hiyo.

Wanjohi akaenda mjini. Bwana Jacktone wa kwenye kiti hakukumbuka machozi yoyote.

"Hakuna tawi limewahi kulalamika," alisema, na kumbukumbu za mtambo zilionyesha hivyo. "Rudi uuze."

Nasambu alimsindikiza hadi kwenye ngazi. "Yule wenu huenda tu, harudi," alimwambia. "Kumfungulia njia ya kurudi ni mstari mmoja wa kuandika. Nimekatazwa." Aliona haya, na ilimfaa kuona haya.

Wanjohi akampigia Hellen, karani wa Kiplombe. Wa kwao pia alikuwa amelia, na lori pia lilikuwa limefika.

Jumanne iliyofuata Bwana Jacktone alitokea mpya, hajui lolote. Gunia likafunguliwa, akalia upya. Ya tatu vilevile. Wanjohi akaanza kumwekea taulo.

Jumanne ya nne Mama Waiyego aliingia dukani na matope miguuni.

"Ndiye huyu mwenye mbolea?"

"Ndiye, Mama. Lakini si yule wa ofisini."

"Na hulia hivi kila wiki?"

"Kila wiki."

Mama alimtazama mpaka akamaliza kupenga kamasi. "Machozi hayapalilii," alisema. "Mpe jembe."

Bwana Jacktone alivua koti bila ubishi. Alilima vizuri kuliko walivyotarajia, aking'oa mahindi yaliyodumaa na kuomba msamaha kwa kila shimo. Mama alimfuata nyuma akitia samadi na maharagwe. Hasira yake haikupungua, ila mgongo ulipata nafuu. Saa tano Bwana Jacktone alitoweka katikati ya mstari, jembe likaanguka. Mama akaliokota, akaendelea pale alipoachia.

Kesho yake lori la magunia yale yale lilipiga honi getini, na Wanjohi akaenda kufungua.