Maswali Yaliyoruka Foleni

Hapa kiwandani kwetu Ashulia, nje kidogo ya Dhaka, hakuna anayenizidi kukariri. Ndiyo maana Lokman, bosi wetu wa ghorofa ya nne, alinipa mimi Mintu, mwenye cheti cha sekondari, kazi ya kuwafundisha wenzangu majibu. Mkaguzi wa kampuni ya Ujerumani tunayoishonea mashati alikuwa njiani, na wakaguzi wote huuliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule.

"La kwanza?" nawauliza.

"Ndiyo, yapo, tena ya baridi!" Hayo ni maji ya kunywa.

"La pili?"

"Saa nane tu!" Hiyo ni kazi ya kutwa. Cheka taratibu.

"La tatu?"

"Unafunguka muda wote!" Huo ni mlango wa dharura, ambao una kufuli kubwa kama ngumi ya Lokman. Eti bila kufuli tutaiba mashati.

Aliyekataa kuimba ni mmoja tu, dada Shahinur, mshona kola. Binti yake Rupali hukaa kwenye cherehani ya mwisho, jirani na mlango huo. Mwaka jana pasi iliposhika moto na moshi ukatanda, Rupali aliugonga mlango ule mpaka viganja vikavimba.

"Dada, sema tu unafunguka," nilimsihi. "Ukifukuzwa utakula kola?"

"Wewe kasuku mwenye cheti," akanijibu, "hata kasuku mlango wake umefungwa."

Siku ikafika. Alikuja mwanamke mmoja tu, Mbengali mwenzetu kutoka Dhaka, Madamu Nilufar. Akaanza na mimi. Nikakaa tayari na maji yangu ya baridi.

"Mlango wa dharura unafunguka?"

"Ndiyo, yapo, tena ya baridi!"

Akainua nyusi. "Na maji ya kunywa?"

"Saa nane tu!"

Akamgeukia jirani yangu. "Choo je?"

"Unafunguka muda wote!"

Kicheko kikapasuka mstari mzima. Lokman naye alicheka, ila jasho lilimtoka. Hapo ndipo dada Shahinur aliposimama.

"Madamu, mlango una kufuli. Njoo nikuonyeshe."

"Shahinur!" Lokman akafoka. "Kaa chini, la sivyo chukua mkoba wako uondoke!"

"Haondoki," alisema madamu, bila kupandisha sauti. "Kwao Ujerumani kuna sheria siku hizi. Kampuni kubwa lazima iwajibike kwa jinsi wanavyotendewa wanaoishonea, na anayesema ukweli asiadhibiwe. Ukimfukuza, bwana, naandika na hilo."

Dada Shahinur akatafakari. "Kwa hiyo sheria ya huko inanijua mimi, Shahinur wa hapa Ashulia?"

"Inakujua."

"Basi na mimi nimeijua."

Akaanza kutembea. Cherehani moja ikanyamaza, nyingine, nyingine, mpaka ghorofa nzima ikawa kimya na wanawake sitini wako nyuma yake. Lokman alijaribu funguo tatu kabla ya kuupata wenyewe. Mlango ulipofunguka, upepo uliingia ukarusha vumbi la nyuzi mpaka darini.

"Rupali," mama yake akasema, "shuka mpaka chini."

Tulisikiliza miguu yake ikipungua sauti, ngazi kwa ngazi. Kisha, kutoka uani: "Mama, nimefika!"

Jamani, makofi yale! Hata kriketi tukishinda hatupigi hivyo. Na aliyepigiwa ni mshona kola wa kwetu.

Kesho yake, kwenye kibanda cha chai, vijana wa ghorofa ya pili walinizunguka wakitaka habari. Ningefanyaje?

"Majibu niliyakoroga makusudi," niliwaambia, "ili madamu ashtuke. Kisha nikawaongoza wenzangu mlangoni, mimi mbele, dada Shahinur nyuma yangu."

"Kumbe! Mpeni shujaa singara!"

Nilikuwa nimeshaing'ata sambusa hiyo ya viazi niliposikia sauti mgongoni. Rupali, na glasi yake ya chai.

"Kaka Mintu, mimi nilirudi juu kwa ngazi ile ile. Ulikuwa chini ya meza ya kukatia, mguu mmoja nje. Nilikukanyaga, ukaniambia samahani."