Manjano ya Intisar

Siku ya nne baada ya kutolewa kifuko cha nyongo kwa matundu manne madogo, Intisar alikaa kibarazani kwake Mishomoroni akichambua mchele. Kila punje aliyoigusa iligeuka manjano. Akautenga ule mchele kando, uwe wa biriani.

Jirani yake Nyamvula akapita na ndoo ya maji, akamtazama usoni.

"Haya, bibi harusi! Singo hiyo ya manjano umejipaka lini? Shemeji atalala kweli leo?"

"Shemeji yako yuko jikoni anakoroga uji. Nao ushageuka manjano."

"Mapenzi hayo," alisema Nyamvula, akaenda zake.

Siku ya sita tumbo lilijaa likawa gumu. Mumewe, Mbwana, akamrudisha hospitali. Faili alilolishika Intisar njiani lilikuwa limegeuka manjano, kwa hiyo daktari aliagiza jipya, jeupe, akasema bila kumtazama, "Matundu yote manne yamekauka. Maumivu ni kawaida." Akaandika vidonge vya maumivu.

Ijumaa alimfunga mumewe vifungo vya kanzu. Vidole vitano vya manjano vikabaki kifuani.

"Ivue nikufulie."

"Wallahi siivui. Wajue nina mke."

Akaenda nayo msikitini. Imamu aliuliza tu kama mgonjwa hajambo, wakamwombea dua.

Kesho yake homa ilipanda. Walikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi hadi adhuhuri. Intisar alipochoka, aliegemea ukuta, na manjano yakapanda kutoka begani mwake mpaka darini, yakapinda kona, yakaingia ofisini kwa msimamizi. Hapo watu wakaja mbio. Walikuja kwa ajili ya ukuta. Daktari mwingine, aliyekuja kuutazama, akamwona na mgonjwa aliyeuegemea.

Picha za tumbo zilionyesha kibanio kimoja kilichoziba njia ya nyongo tangu operesheni kimechomoka, nyongo ikimwagika tumboni siku zote hizo. Walimtoa lita moja na nusu, wakampitishia mrija mdomoni hadi kwenye njia ya nyongo. Wiki mbili baadaye Intisar alionja uji wa mumewe, akamwambia hauna tui. Mbwana akalia kwa furaha.

Siku ya kuruhusiwa, faili jeupe lilisema operesheni ya kwanza haikuwa na tatizo lolote. Msimamizi, Bi Ruth, akaleta karatasi nyingine: ya Intisar kuomba radhi kwa kuuharibu ukuta, ambao ulipakwa rangi mwezi uliopita na sasa ulikataa kila rangi nyeupe.

"Weka sahihi tu, mama, uende nyumbani."

"Na hilo faili, mtalirekebisha?"

"Faili limeshafungwa."

Mbwana akachukua mfuko wa nguo. Intisar akairudisha kalamu mezani, akajifunga leso vizuri.

"Siombi radhi," akasema.