Mwaloni wa Israël

Kufikia Krismasi miti yote ya mtaa wao wa Kingstanding ilikuwa imebaki fito tupu, isipokuwa mmoja, na huo mmoja ndio Omer aliotaka uwe wa kwanza kupukutika. Kila asubuhi, kabla hata ya kuteleka chai, alisogeza pazia la dirisha la nyuma akautazama. Majani yalikuwepo. Yalikuwa yamekauka tangu vuli, yakawa rangi ya kiatu kikuukuu, na yalikwaruzana kila upepo ulipopita, lakini kuanguka hayakuanguka. Omer aliuchukia mti ule kwa moyo wake wote, kisha akaona aibu, kwa sababu ulipandwa na mwanawe.

Mwanawe, Israël, alikufa mwezi wa sita, kijana wa miaka ishirini na miwili. Selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao, ulimfuata kutoka Uvira hadi kambini Tanzania, na kutoka kambini hadi Birmingham, ukaja kumchukua katika wiki ya jua kali, wakati majirani wanatembea vifua wazi. Watu wa kanisa walikuja na masufuria na viti, wakaimba, wakalia. Siku ya kufunga matanga mchungaji akauliza, kama ilivyo desturi, mama mfiwa atavua lini nguo nyeusi. Kwa kawaida ni mwaka. Rosine, mke wa Omer, alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani. Akanyoosha kidole dirishani, akasema atavua siku majani ya mti wa Israël yatakapokuwa yameanguka yote.

Watu waliguna kwa kuridhika. Nani aliyeishi nchi hii asijue kwamba mwezi wa kumi na moja ukiisha hakuna jani juu ya mti? Mama wa watu amejihurumia, walisema wakitoka. Omer naye alishusha pumzi. Yeye za kwake alikwisha kuzivua siku ile ile, maana wanaume hukatiwa msiba mapema, na kesho yake akarudi kwenye ghala la vifurushi alikofanya kazi, akabeba masanduku mpaka mgongo ukamsaidia kusahau.

Ni kwa hesabu hiyo ya majani alikubali siku ya binti yake. Sabine, kifungua mimba wao, alikuwa nesi, akiishi Acocks Green, na alikuwa amechumbiwa na Kipchumba, Mkenya mpole mwenye miguu mirefu aliyezoea kuinama mlangoni kwao hata pasipo sababu. Wazee wa Kipchumba waliomba waje na mahari Jumamosi moja ya mwezi wa pili. Omer akasema njooni, wala hakumuuliza mkewe. Mwezi wa pili! Hata mti uwe mkaidi namna gani, kufikia hapo ungekuwa umekwisha kusalimu amri.

Sasa mwezi wa pili ulikuwa unakuja, na majani yapo. Na jambo moja lilijulikana na wote: mama aliye kwenye nguo za msiba haketi kupokea wakwe. Hukaa chumbani, mlango umefungwa, na binti hutolewa na shangazi. Sabine alipoelewa hivyo alimpigia baba yake simu.

"Papa, kama Mama hatakuwa pale, hakuna dot, hakuna mahari," alisema. "Nimeshapoteza brother. Siwezi kutolewa kama mtoto hana mama. I'll call it off, na sitapanga ingine."

Omer alimjua binti yake. Huyo akishasema, amesema.

Akaanza kuuvizia ule mti. Ulikuja upepo mmoja uliong'oa bati la kibanda na kulaza chini uzio wa Balwinder, jirani yao, na Omer akarudi kutoka kazini karibu akikimbia. Uzio ulikuwa chini. Majani yalikuwa juu. Ikaja theluji, ikakaa juu ya majani, ikayeyuka, ikaondoka nayo yakabaki. Siku moja alilishika shina kwa mikono miwili akalitikisa kama anaangusha mapera, na yakadondoka machache, ya kumkejeli. Mpaka kwenye maombi akauweka, kwa jina la mti, jambo ambalo mchungaji angelicheka. Mtu mmoja tu hakumuuliza, naye ni Balwinder, ambaye bustani yake ilikuwa ya kupigiwa mfano na angemjibu palepale juu ya uzio. Lakini baba gani anakwenda kwa jirani kuulizia mti wa mwanawe mwenyewe?

Rosine hakuonekana kuwa na haraka. Alikuwa akiwahudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia watu, na huko alivaa sare ya bluu, maana wazee wa watu hawakumkosea kitu. Akirudi alijifunga kitenge cheusi juu ya sare, akafunga na kitambaa cheusi kichwani, akaketi akiutazama mti kwa utulivu. Utulivu ule ulipaswa kumshtua Omer. Haukumshtua.

Ukweli ni kwamba kuhusu mti huo Omer hakujua lolote, ila jinsi ulivyofika. Israël alikuwa amepata kazi kwenye kitalu cha miti nje ya jiji, na baba yake aliipinga kazi hiyo tangu siku ya kwanza. Siyo kwamba alidharau miti. Daktari aliwaambia kwa kinywa chake kwamba baridi ndiyo adui mkubwa wa kijana huyu, kwamba inaamsha maumivu. Halafu kijana anakwenda kuchagua kazi ya kusimama kwenye tope mwezi wa kwanza! Kila jioni Israël alileta mezani habari za miti, hii inapenda nini, ile inakataa nini, na kila jioni Omer alimkata na swali lake la soksi.

"Umevala shoseti ngapi?"

Kijana alikuwa akiinua mguu wa suruali, anaonyesha jozi mbili, moja juu ya nyingine, kisha anaendelea na habari zake. Omer alihesabu soksi. Habari zilipita.

Vuli moja, miaka mitatu nyuma, Israël alikuja na mche. Mwaloni, alisema, mti wa asili wa nchi hii, ila wa aina nyembamba. Matawi yake hayakutanuka; yalikuwa yamelibana shina na kuelekea juu, kama mtu aliyejikumbatia kwa baridi. Akachimba shimo kwenye kijisehemu kati ya njia na uzio, mahali ambapo mti mwingine wowote ungegombanisha majirani. Mvua ilikuwa ikinyesha. Omer alisimama nyuma yake na mwavuli tangu mwanzo hadi mwisho, akimwambia aingie ndani.

Jumatano kabla ya siku ya wakwe, Rosine alikwenda kwenye maombi ya akina mama huko Alum Rock. Omer akachukua kigoda cha jikoni na mfuko mkubwa, akatoka.

Alidhani yatadondoka kwa kuguswa tu. Hayakudondoka. Kila jani lilishikilia kikonyo chake, likataka kuvutwa, likakatika kwa mlio mdogo mkavu, na chini yake kilibaki kitumba kidogo cha kahawia. Alianza kwa upole, kama mtu anayemnyonyoa kuku wa wenyewe. Baadaye vidole vikachoka na upole ukaisha. Balwinder alitokea upande wa pili wa uzio, akafumbua kinywa, akamtazama usoni, akakifumba na kurudi ndani. Omer alipomaliza mti ulikuwa umesimama uchi, mwembamba kuliko alivyoukumbuka. Akafunga mfuko. Kisha, kwa kuwa alijiona mjanja, akaufungua tena, akachota majani konzi mbili, akayatawanya kwenye nyasi ili ionekane ni kazi ya Mungu.

Rosine alirudi mkoba ukiwa bado begani. Omer akamwambia njoo uone, Mama Sabine, yameanguka. Akatoka naye. Rosine aliinama, akaokota jani moja, akalitazama kwenye kikonyo. Akapitisha kidole juu ya tawi, kwenye kitumba kimoja, kisha kingine.

"Umeyang'oa," alisema.

Omer akaanzisha habari ya upepo. Mkewe hakubishana naye.

"Hii muti haiachake majani, Baba Sabine. Israël alitwambia pale ku meza, na wewe ulikuwa unakula. Alisema inayakamata baridi yote, inafunikaka nayo macho ya majani mapya. Yataanguka tu siku mapya yatayasukuma. Mwezi wa ine, wa tano."

"Ulijua," Omer alisema. "Siku ya matanga ulijua."

"Nilijua."

Akamweleza pale pale, wamesimama kwenye nyasi, bila kupandisha sauti. Hakutaka kumwacha mwanawe kwa sababu kalenda imesema. Alitaka angoje mpaka kije kitu kipya kimsukume, kama majani yale. Sabine alikuwa akizungumzia mahari ya kiangazi, na kufikia kiangazi yote yangekuwa yamekwisha. Huo mwezi wa pili ulitoka wapi? Aliukubali mtu mmoja, na mtu huyo hakumuuliza. Rosine hakuwa na hasira alipoyasema hayo, na hilo ndilo lililomuumiza Omer zaidi. Hasira angejua jinsi ya kuipokea.

Siku mbili zilizofuata alijaribu kuukumbuka usiku ule wa mezani. Aliwaona samaki kwenye sahani. Aliyaona magoti ya suruali ya kijana yenye tope, na mikono yake ikionyesha jinsi matawi yanavyopanda. Kinywa alikiona kikitembea. Sauti hakuipata. Alitafuta neno moja, hata moja, ambalo mwanawe alilisema kuhusu mti huu, na kila alipofika mahali pa neno alikuta soksi.

Ijumaa, ghalani, watu walikuwa wakisema usiku huo utagandisha kuliko siku zote za mwaka. Omer aliomba ruhusa, akaondoka kabla ya zamu kwisha. Nyumbani alipita moja kwa moja hadi kabatini, akavua viatu na soksi bila kujua kwa nini, akatoa mablanketi, na lile la hospitali la Israël likiwemo, akatoka nayo nje. Jua lilikuwa linazama na nyasi zilikuwa zimeanza kukakamaa. Akaanza kuuzungushia mti, kutoka chini kwenda juu, akifunga kwa kamba ya nguo.

Rosine alisikia mlango, akaja akasimama kizingitini.

"Baba Sabine," alisema, "hii muti ni ya baridi. Ilizaliwa hapa, na babu zake walizaliwa hapa. Haiko na haja ya blanketi."

"Najua," Omer alisema, akaendelea kuzungusha. "Najua."

Fundo halikushika. Akalifungua, akalifunga, likafunguka. Bila kugeuka akamwambia mkewe: "Niambie ingine yenye alisema."

Rosine alishuka kizingitini. Kisha akasogea karibu na kuanza kusema. Alisema mti mchanga haufungwi kwa kukaza, uachwe uyumbe, kwa kuwa kuyumba ndiko kunakolipa shina nguvu. Alisema shimo lake huchimbwa pana, siyo refu, na kiangazi cha kwanza na cha pili unywe maji sana hata kama nchi yenyewe ni ya mvua. Alisema unakua polepole mpaka mtu anaudhani umelala. Alisema hautamsumbua Balwinder kwa kivuli, maana utakwenda juu tu, na kwamba watu wote wa mtaa huu watakufa wauache umesimama. Omer alimwomba arudie la kuyumba. Akarudia. Tangu mazishi hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja, na Omer hakumkata.

Mablanketi yaliishia kifuani mwa mti. Sehemu ya juu ilibaki wazi, na huko ndiko vitumba vilikuwa vingi. Rosine akatazama juu, akakifungua kitenge cheusi kiunoni mwake. Akavua na kitambaa cha kichwa. Akabaki na sare yake ya bluu ya kazini, nywele zenye mvi nyingi ambazo Omer hakuwa amezijua. Akampa ncha moja ya kitenge, yeye akashika nyingine, na wakaanza kuzungusha pamoja, mmoja akipita huku na mwingine kule.

"Usikaze," alisema. "Kesho nitaketi na Sabine. Kesho kutwa utanirudishia kitenge yangu, niingie tena mu kilio mpaka yatoke mapya. Na wewe utangoya na miye."

Omer alikubali kwa kichwa. Nyasi chini yao zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Rosine alishusha macho kwenye miguu ya mumewe, ambayo ilikuwa ndani ya kandambili za bafuni, vidole vimekuwa rangi ya jivu.

"Umevala shoseti ngapi?" akamuuliza.

Omer naye akaitazama miguu yake. Akafumbua kinywa amjibu, na kilichotoka ni kilio, kile ambacho hakukilia mwezi wa sita mbele ya watu wala ghalani peke yake, akilia mdomo wazi kama mtoto, ncha ya kitenge mkononi. Rosine hakumwambia anyamaze. Alishika ncha yake, akangoja.