Mfuasi wa Kukodi

Wiki ile chama cha kujitolea cha wanafunzi kilipokwenda kwenye mafunzo ya uongozi, Sindano alikuwa kitandani na matubwitubwi, mashavu yamemvimba kama mtu aliyeficha ndimu mbili mdomoni. Jina la Sindano alipewa na mama yake, fundi cherehani, kwa kuwa alizaliwa mwembamba. Tena, mama husema, ukimtafuta humwoni mpaka akuchome.

Walioondoka walikuwa wanachama kumi na wanne. Waliorudi walikuwa viongozi kumi na wanne. Mkufunzi wao alikuwa mtu mwenye huruma, hakupenda kumvunja mtu yeyote moyo, kwa hiyo kila mmoja alimpa cheti, beji na cheo. Vyeo vya kawaida vilipokwisha, akaanza kuvitunga: Mratibu wa Maono, Msimamizi wa Ari, Mkuu wa Hatua Inayofuata. Kijana mmoja mpole, ambaye alikwenda kwa sababu alisikia kuna chakula cha mchana, alirudi akiwa Mwenyekiti wa Wenyeviti, na hakuna aliyejua, yeye mwenyewe akiwemo, kama cheo hicho kiko juu ya Mwenyekiti au pembeni yake.

"Kwa hiyo wewe umebaki nani?" mama alimuuliza Sindano siku alipopata nafuu.

"Mwanachama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mama alitoa pini mdomoni ili acheke vizuri. "Manahodha kumi na wanne, baharia mmoja, na mwenyewe katoka kuumwa matubwitubwi. Haya, safari njema."

Kikao cha kwanza cha likizo kilifanyika katika chumba cha useremala cha shule. Viongozi walipanga meza zote za kazi mbele, ukuta hadi ukuta, wakaketi nyuma yake. Mkabala nao liliwekwa benchi moja, na juu ya benchi Sindano. Kila kiongozi aliposimama kuzungumza alimalizia kwa kuuliza, "Je, wanachama mna maoni?" na macho ishirini na manane yakamgeukia.

Shida haikuwa lengo. Wote walikubaliana kuwa likizo hii wachangishe mashine ya kufulia kwa ajili ya nyumba ya wazee iliyo nyuma ya zahanati, ambako Matroni alikuwa akifua mashuka ya wazee ishirini na mmoja kwa mikono yake miwili, mkono mmoja una baridi yabisi. Shida ilikuwa njia. Msimamizi wa Ari alitaka matembezi ya hisani. Mkuu wa Hatua Inayofuata alipinga, kwa kuwa matembezi yana hatua nyingi mno zinazofuata. Mwishowe lilibaki wazo la kuosha magari, na hapo Katibu akafungua katiba.

"Uamuzi hupitishwa na theluthi mbili ya wanachama wa kawaida," alisoma.

Wote wakamtazama mwanachama wa kawaida.

"Theluthi mbili ya mtu mmoja ni ngapi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Haifiki mmoja," alisema Mhazini, aliyekuwa hodari wa hesabu. "Akinyoosha mkono wote, tutakuwa tumevunja katiba."

Walibishana saa nzima. Mwisho Mhazini akashusha futi iliyoning'inia ukutani, akapima mkono wa Sindano kutoka begani hadi ncha ya kidole, akapiga hesabu, kisha akachora mstari wa chaki ukutani. "Ukikubali, kidole kiishie hapa. Kisipite."

Sindano alikubali. Kidole hakikupita. Wakampigia makofi.

Jumatatu walikusanyika kwenye kiwanja mbele ya karakana. Ndoo ilikuwa moja, kwa sababu Katibu katika kumbukumbu za kikao aliandika "ndoo" bila kutaja idadi. Gari la kwanza lilikuwa lori, limeganda vumbi la saruji kuanzia paa hadi magurudumu. Dereva akakabidhi, akaenda kunywa chai.

"Anza mbele," Mwenyekiti alimwambia Sindano.

"Anza juu," alisema Mratibu wa Maono. "Uchafu hushuka."

"Kabla hajaanza," alisema Msimamizi wa Ari, akiwa ameweka mkono kifuani, "tujiulize, kwa nini tunaosha?"

Dereva aliporudi, akijisafisha meno kwa kijiti, alimkuta Sindano bado yuko kwenye taa ya kushoto. Alikuwa ameiosha mara tisa, kila mara kwa amri tofauti, na taa ilikuwa inang'aa kama jicho la mtu mwenye homa. Dereva alikunja suruali, akachukua ndoo, akaosha lori lake mwenyewe. Wakampa cheti cha shukrani. Akakisoma mpaka mwisho, akakibandika kwenye kioo cha mbele, akaondoka akipiga honi.

Wakati wote huo, mzee mmoja mstaafu wa posta alikuwa ameketi kwenye kibanda cha fundi viatu akitazama. Sasa alivuka barabara, fimbo mkononi.

"Huyu binti mnamkodisha?"

"Samahani, Babu?" alisema Mwenyekiti.

"Huyu anayefanya anachoambiwa. Mimi kesho asubuhi nina nafasi."

Mwenyekiti alikuwa amefundishwa kwamba kiongozi huidaka fursa kabla haijatua. "Tunamkodisha kwa saa," alisema.

"Na mimi siulizwi?" alisema Sindano. Lakini tayari alikuwa anamtazama yule mzee. Kola yake ilikuwa imepigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na kifungo cha pili hakikuwepo. Akanyoosha mkono juu, wote.

"Umezidisha," Mhazini alinong'ona kwa uchungu.

Mzee wa posta alitaka vitu viwili tu: atembee mbele, Sindano nyuma hatua tatu, na kila akisema jambo, aitikiwe "Naam, Mkuu." Walikwenda moja kwa moja posta. Mzee akapita foleni, akasimama mbele ya dirisha la tatu, alikofanya kazi miaka thelathini na mmoja, akainama kuchungulia kidau cha wino.

"Mzee, nikuhudumie nini?" aliuliza karani, msichana mwenye kucha ndefu.

"Nakagua."

Karani akamtupia jicho Sindano.

"Anakagua," alisema Sindano.

Karani akasimama. Akafuta meza kwa kiganja, akapanga stempu, akaficha kikombe chake cha chai. Maana mtu mmoja anayekagua ni usumbufu, lakini mtu anayekagua huku ana mtu nyuma yake ni ofisi.

"Wino mwepesi," alisema mzee.

"Naam, Mkuu," alisema Sindano.

"Tutaurekebisha, Mkuu," alisema karani.

Walipofika langoni kwake, mzee alisimama muda mrefu akitafuta ufunguo ambao ulikuwa mkononi. "Watoto wangu wakipiga simu wananiambia, Baba, tulia. Nimetulia miaka saba, binti yangu. Nimechoka kutulia." Kisha akatumbukiza mchango wake kwenye kisanduku alichobeba Sindano, bila kupunguza, akaingia ndani kifua mbele.

Habari hazina miguu lakini hufika. Siku ya pili kulikuwa na foleni. Kinyozi alitaka mtu wa kumsikiliza akieleza jinsi mpira ulivyostahili kuchezwa. Mwalimu wa hesabu alitaka mtu mmoja tu, maishani mwake, aseme "nimeelewa" bila kuulizwa. Mke wa mwuza nyama alitembea sokoni kote, Sindano nyuma yake, hakununua kitu, akarudi amechangamka kama aliyetoka harusini. Viongozi kumi na wanne walisimamia foleni ya mtu mmoja mmoja kwa bidii kubwa. Kisanduku kikaanza kuwa kizito.

Siku ya tano, Sindano alipoinua macho kumwita mteja anayefuata, alimwona mama yake, mkanda wa kupimia shingoni, pochi imebanwa kwapani.

"Mama! Umefuata nini?"

"Foleni. Huoni?"

"Lakini mimi si unanipata nyumbani bure?"

"Bure nimekujaribu miaka kumi na saba," alisema mama, akatumbukiza mchango. "Nikikwambia osha sufuria, unasema nakuja. Leo nimelipa. Twende."

Nyumbani mama alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, akakunja mikono.

"Sufuria."

"Naam, Mkuu."

"Usiniite Mkuu. Niite Mama. Lakini kwa sauti hiyo hiyo."

Sindano aliosha sufuria, akafagia vipande vya nguo, akafuta taa, akatoa majivu jikoni. Kazi zote ambazo nyumbani humaliza wiki ziliisha kwa dakika ishirini na tano. Mama akatazama huku na huku kutafuta amri nyingine, asipate. Akaona haya kidogo.

"Basi kaa hapa. Nisikilize."

"Naam, Mama."

Lakini mama alikanyaga pedali mara mbili, cherehani ikaenda bila nguo, ikasimama. "Macho yangu hayaoni tundu la uzi," alisema mwishowe, akiielekeza ile sauti kwenye cherehani. "Mwezi wa tatu sasa. Mteja akija namwambia, tunga wewe uzi, ni bahati njema kwa nguo yako. Nao wanatunga. Kuna mama mmoja aliniletea na dada zake watatu, wote wapate bahati."

Sindano alianza kucheka, kisha akaacha. Hakuwahi kuuliza. Alikuwa akipita mlangoni pale kila siku akikimbilia kujitolea.

Alifungua kopo la sindano. Akatunga uzi mweusi, akatunga mweupe, wa bluu, wa kahawia, akazichomeka sindano kwenye mto wa pini, moja baada ya nyingine, mpaka mto ukawa kama nungunungu wa rangi rangi.

"Saa yako imekwisha," alisema mama.

"Bado," alisema Sindano, ingawa saa ya ukutani ilikuwa inaonekana na kila mtu.

Siku iliyofuata, mteja wa kwanza alivaa kofia ya kuvuta hadi kwenye nyusi na miwani myeusi ya baba yake. Alikuwa amesahau kutoa beji.

"Mwenyekiti?" alisema Sindano.

"Shii. Nataka kukodi."

"Nikufuate wapi?"

"Sitaki unifuate." Alitazama nyuma, akashusha sauti. "Nataka nikufuate mimi. Nimechoka, Sindano. Tangu tutoke mafunzoni, nikiamka tu mama ananiuliza, Mwenyekiti, leo tunapika nini? Mimi najua wapi?"

Sindano alikuwa na safari ya kununua bitana kwa ajili ya mama. Akatangulia. Mwenyekiti akafuata nyuma hatua tatu, na kila kona akasema "Naam" kwa sauti ya mtu aliyevua viatu vinavyobana. Dukani alishika bitana. Hakutoa wazo hata moja. Alipomaliza saa yake aliomba kuongezewa.

Siri ya watu wawili hufika kwa wa tatu kabla ya jua kuzama. Alikuja Katibu. Akaja Mratibu wa Maono, akakiri kwa machozi kwamba hajawahi kuwa na maono yoyote, ndoto tu, na nyingi ni za kuchelewa mtihani. Kufikia Ijumaa wote kumi na wanne walikuwa wamelipa, wamejipanga mstari nyuma ya Sindano, na kwa mara ya kwanza hawakugombana, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Sindano alianza kutembea bila kujua anakwenda wapi. Alidhani atafikiri njiani. Lakini ukiwa na watu kumi na wanne nyuma yako huwezi kusimama kufikiri, watakupanda mgongoni. Akapinda kulia kwenye karakana, akapinda kushoto kwa fundi viatu, ambako mzee wa posta alisimama akapiga saluti. Zahanati ikatokea. Akazunguka nyuma yake, akaingia lango la nyumba ya wazee, akasimama kwenye karo la kufulia kwa sababu njia ilikuwa imekwisha.

Matroni alikuwa katikati ya mashuka, povu hadi viwikoni.

"Mnatafuta nini, wanangu?"

Viongozi kumi na wanne walimtazama Sindano.

"Tunafua," alisema Sindano, naye akasikia kwa mshangao kwamba ndivyo.

"Naam," wakaitika kumi na wanne.

Wakafua. Matroni aliwekewa kigoda kivulini, akakaa akiwa hajui mikono aiweke wapi, akaiweka magotini, akaiondoa, mwisho akaikalia.

Mashine ilinunuliwa baada ya wiki mbili. Ikawekwa barazani, maana ndiko kwenye umeme, ina mlango wa kioo cha mviringo mbele. Wazee walitoka na viti vyao, wakaketi mistari mitatu kuitazama. "Ile ni leso yangu," bibi mmoja alisema akisonta. "Imepita tena! Ile!" Iliposimama walilalamika mpaka ikawashwa upya. Walikataa katakata iwekewe mashuka. Mashuka ni meupe, hayana hadithi. Walitaka leso, soksi nyekundu, shati la maua la babu wa chumba cha nne. Nguo hizo hizo zilifuliwa asubuhi na jioni, kila siku, mpaka soksi zikawa za waridi.

"Sasa mashuka nifanyeje?" Matroni alimuuliza Sindano, akimvuta pembeni. "Nikiwazimia mashine wananuna, hawanywi dawa."

Kwa hiyo kila Alhamisi viongozi kumi na wanne walikuja kufua mashuka kwa mikono, huku mashine ikizunguka barazani na wazee wakishangilia. Alhamisi ya kwanza Sindano alivua ndara, akakanyaga ndani ya karo, akashika ncha moja ya shuka. Mwenyekiti wa Wenyeviti akashika ncha ya pili.

"Tukamue," alisema Sindano. "Wewe zungusha kulia."

Kijana alifikiri. "Kulia kwangu au kulia kwako?"

Hilo, Sindano hakuwa amelifikiria. Shuka likabaki limetanda katikati yao, likidondosha maji miguuni, na kutoka barazani ikasikika sauti ya bibi, "Inakuja, inakuja, ile nyekundu!"