Dirisha la Tano la Amirali Morasso

Zita muuza mkate ndiye aliyenipa habari: nyumba ya Amirali Morasso imepata ufa, kuanzia ghorofa ya tatu kushuka. Nilijaribu kuisahau, ikanishinda. Binti yangu Nicla alikuwa akifanya kazi hapo kwa Bertin, fundi wa kuchora kuta. Aliniapia kwamba yeye yuko chini, anaosha ndoo.

Nyumba hiyo Amirali aliijenga zamani, aliporudi na ushindi wa baharini, mistari ya mawe meusi na meupe, joka limechongwa juu ya mlango. Upande wa kichochoro chetu ina madirisha manne, na mahali pa la tano ni ukuta wenye madoa tangu utoto wangu.

Jumamosi nikaenda, ufagio bado mkononi, kumtoa mwanangu. Kuinua macho, naona dirisha wazi, ubao wake umening'inia kwa bawaba moja, na Zita kapanga mikate chini yake. Nikamwambia ahame. Nikapanda ngazi mbio na ufagio wangu, nikalifunge kabla halijaua mtu. Nafika chumbani, nakuta dohani ya moshi na ukuta. Nikapapasa ukuta wote. Dirisha hakuna.

Nicla akaingia na Bertin, anacheka mpaka machozi.

“Mama, umekuja kulifunga?”

“Si uliniambia unaosha ndoo?”

“Ningekwambia niko juu ya jukwaa la mafundi, ungelala?”

Bertin akanieleza kwamba dohani ilimnyima Amirali dirisha la tano, naye akaamuru lichorwe tu ukutani kwa nje. Jua na chumvi vikalila. Nicla amelirudisha, na jukwaa na turubai lake wameviteremsha asubuhi hiyo. Ule ufa wa Zita ulikuwa mstari wa mkaa ambao Nicla aliupiga kabla ya kupaka rangi.

“Nilimwambia asipodanganya mtu wa mtaa huu kufikia leo, arudi kwenye ndoo,” akasema Bertin. “Sasa kamdanganya mama mzazi. Jumatatu ni fundi.”

Tulikula mikate yote ya Zita palepale kichochoroni, na ufagio wangu ukapitishwa mkono kwa mkono kama bendera. Hata hivyo, kina mama wenzangu, nawaonya. Epukeni haya:

Habari za ufa kutoka kwa Zita.
Kupanda ngazi za Amirali bila kushika ukuta.
Kufunga dirisha kabla ya kuligusa.
Kumuuliza binti yuko ghorofa ya ngapi.
Kusahau kumuuliza kama amejifunga kamba.