Jina la Mchopa

Pale Ziwani mvulana hutoka jandoni na jina jipya, na Bibi Mwanahawa alishampangia mjukuu wake Hashimu: Mchopa, jina la marehemu mumewe. Hashimu ndiye mjukuu wa kiume pekee. Asipolichukua yeye, basi tena, Mchopa ndiyo kwisha habari yake.

Kumbe mwenzake ana lake. Kesho anaingia jando, leo anamwambia Bibi kavukavu, "Mimi nitaitwa Radi."

"Radi gani tena?"

"Ile soda ya nguvu! Si lile gari la matangazo lilipita na muziki? Mtoto wa tangazo lao anakunywa, anarefuka, wenzake wanamwogopa. Mchopa nani anamjua?"

Loo! Bibi alitamani kulifukuza gari lile kwa mwiko. Ila alipomtazama Hashimu, na miguu yake myembamba na kaptula inayomvuka, akakumbuka kwamba shuleni wanamwita Njiti. Hasira zikamwisha, ikabaki huruma tu.

"Mume wangu," akamwambia, maana ndivyo walivyotaniana, "babu yako alikuwa ananifika hapa begani. Wakaja warefu kuniposa, nikawakataa wote."

"Bibi nawe, muongo!" Hashimu akacheka mpaka akakaa chini. Lakini jina hakubadilisha.

Siku zile mtoto alipokuwa jandoni, Bibi alilia, kisha akajikaza. Mtoto ni wake. Aitwe Radi, aitwe Kijiko, vigelegele atampigia. Akanunua hata kofia yenye picha ya soda hiyo.

Siku ya kutoka, ngoma zikanyamaza. Wavulana wakasimama na nguo mpya, wanang'aa mafuta, kila mmoja anataja jina lake. Zamu ya Hashimu ilipofika, Bibi akavuta pumzi, ulimi tayari.

"Mchopa!"

Vigelegele vikagoma. Machozi yakamtiririka, ikabidi wanawake wenzake wampigie.

Hashimu akachomoka mstarini, kofia mkononi mwa Bibi hata hakuitazama. Akajibana ubavuni mwa Bibi na kuweka kiganja juu ya utosi wake mwenyewe, akakisogeza hadi kikamgusa Bibi. Visigino alikuwa kavinyanyua kidogo. Bibi aliviona, akajifanya hakuviona.

"Bibi, ona," akasema. "Nimekufika begani."